Barua kwa mwanangu: Dini na falsafa katika kuzaliwa kwa jamhuri ya Marekani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Marekani ilijengwa juu ya Ukristo au juu ya falsafa ya Zama za Mwangaza, yaani fikra za Ulaya zilizotanguliza akili, maana wenzako chuoni wamegawanyika. Swali hilo limewapoteza wengi. Weka kando kwanza Azimio la Uhuru la 1776, ambamo kila upande huchota mstari unaoupenda, utazame Virginia hadi 1786. Ugomvi wa huko ulikuwa wa kodi.

Virginia ya kikoloni ilikuwa na kanisa la serikali, la Kianglikana. Kasisi wa parokia alilipwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka, na waumini wa madhehebu mengine nao walichangia. Wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila kibali walitiwa jela, hasa kuanzia 1768, na ndoa walizofungisha hazikutambuliwa. Wengi wao walisukumwa na Biblia kuliko na John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza: imani ya kulazimishwa si imani, na kanisa likilishwa na serikali litaitii serikali.

Thomas Jefferson, mtu wa falsafa, alitunga mswada wa uhuru wa dini mwaka 1777. Uliwasilishwa katika bunge la Virginia 1779, ukakwama. Mwaka 1784 mbunge Patrick Henry akaleta wake, wa kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo. Usiudharau. Kila mlipakodi angechagua dhehebu la kupokea fedha yake. Asiyechagua, yake ingekwenda kwenye elimu. Hata George Washington hakuona hatari kubwa ndani yake. James Madison, mbunge aliyeupinga, alihitaji muda, akaupata: kura iliahirishwa hadi Novemba 1785, mswada ukachapishwa ili wananchi wausome. Henry naye alikuwa amechaguliwa gavana, hivyo msemaji hodari kuliko wote hakuwemo tena bungeni.

Hapo Madison akaandika waraka wa hoja 15, bila kutia jina lake. Hoja ya kwanza inasema wajibu wa mtu kwa Muumba unatangulia wajibu wake kwa jamii. Ya tatu inasema serikali yenye uwezo wa kumtoza mtu peni tatu tu kwa ajili ya kanisa fulani inaweza pia kumlazimisha alifuate kanisa jingine lolote katika mambo yote. Sasa mwambie mwenzako yeyote azitenganishe dini na falsafa katika karatasi hiyo! Waraka ulipata saini 1,500 na ushee. Ombi jingine, lililosema kodi hiyo inapingana na roho ya Injili, lilipata karibu 4,900. Bila wacha Mungu hao, Madison angekuwa na hoja nzuri na watu wachache nyuma yake.

Mswada wa Henry ukafia njiani. Wa Jefferson ukapita Januari 1786, mwenyewe akiwa Paris. Wabunge kadhaa walitaka jina la Yesu Kristo liingizwe kwenye utangulizi, wakashindwa. Jefferson aliandika baadaye kwamba hilo lilithibitisha kuwa sheria inamkinga Myahudi, Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiyeamini. Mtumwa hakutajwa. Tangu 1667 sheria ya Virginia ilisema ubatizo haumpi mtumwa uhuru, na si wanafalsafa wala Wabaptisti walioziweka nguvu zao zote katika kulifuta hilo.

Mkiendelea kubishana, chungeni tarehe. Katiba ya 1787 ilikataza sharti la dini kwa viongozi wa shirikisho peke yao. Delaware, kwa mfano, ilidai kiapo cha kuamini Utatu hadi 1792. Vivyo hivyo Marekebisho ya Kwanza ya Katiba hiyo, ya 1791, kuhusu uhuru wa dini, yalilifunga mikono Bunge la shirikisho, si majimbo. Connecticut iliendelea na kanisa lake la serikali hadi 1818, na Massachusetts ilitoza kodi ya dini hadi 1833. Anayedai mambo yalimalizika 1791 muulize kuhusu majimbo hayo mawili.

Baba yako