Nilifunga siku 21 kutafuta kusudi, kumbe sado yangu imebonyea

Juzi usiku nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa binti mmoja anayefuatilia maandishi yangu. "Shikamoo dada. Nina miaka 27, nimeokoka, mwaka huu nimefunga siku 21 mara mbili na bado Mungu hajanionyesha kusudi la maisha yangu. Nakosea wapi?"

Nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza. Huyo ni mimi kabisa wa mwaka 2014, ila mimi nilifunga mara tatu.

Mnaonifahamu zamani mnajua nilikuwa naimba. Jumapili niko mbele, timu ya kusifu na kuabudu, maiki mkononi, macho nimefumba. Jumatatu hadi Jumamosi nauza mchele Tandale. Mchele niliuona kama kitu cha kupotezea muda wakati Mungu ananiandaa, kwa sababu kuna mtumishi mmoja (simtaji, na msinifuate inbox kuniuliza) alinishika kichwa kwenye mkesha akasema ananiona nimesimama mbele ya mataifa, napanda ndege, nashuka ndege. Akasema neno zito kama hilo lazima lifungwe kwa sadaka. Nikatoa laki nne na nusu, hela ya mtaji. Hadi leo sina hata pasipoti.

Nimemsamehe. Ila sauti yake ikitokea redioni huwa nabadilisha stesheni.

Sasa tuje kwenye sado. Kwa msiopima nafaka, sado ni kile kindoo cha rangi cha lita nne tunachopimia sokoni. Kitako chake kikibonyezwa kwenda ndani, kinabaki na kinundu ambacho mteja hakioni, maana mchele umeshakifunika. Unajaza mpaka kichuguu juu, mteja anafurahi, kumbe chini umempunja. Yangu niliinunua ikiwa tayari imebonyezwa, na nilijua. Na ule mchele niliouza kama wa Kyela, wa Kyela ulikuwa nusu. Nusu nyingine niliuchanganya mwenyewe alfajiri kwa koleo, na harufu ya ile nusu ya kwanza ndiyo iliyouza wote.

Jumatatu moja akaja mama lishe, mteja wangu wa siku nyingi, na siku hiyo kaja na sado yake. Nikampimia kwa yangu, kichuguu juu kama kawaida. Akachukua, akamimina kwenye yake taratibu, akasawazisha kwa kiganja. Ikapelea. Alitumbukiza kidole pembeni, mchele ukaishia kwenye pingili ya kwanza. Akaniangalia. Hakupiga kelele, na natamani angepiga. Alisema tu, "Jana uliimba vizuri, mpendwa," akalipa hela kamili, akaondoka.

Sikula siku ile, na safari hii haikuwa mfungo.

Usiku nikafungua Amosi sura ya 8. Wale wafanyabiashara wa Israeli walikuwa wanakaa ibadani huku wanaulizana sabato itaisha lini wakauze nafaka, wapunguze kipimo, wauze na takataka za ngano. Mtu ameandika habari zangu miaka mia saba na zaidi kabla ya Kristo! Mimi nilikuwa namuuliza Mungu kusudi langu, na Yeye muda wote alikuwa ananiuliza habari za kindoo.

Miezi iliyofuata siisimulii sana. Faida ilishuka, nilikopa, nilitoka kwenye timu ya kusifu mwenyewe bila kufukuzwa, na wapo walioeneza kwamba nimerudi nyuma. Nawajua kwa majina.

Ila nataka mnisikilize, vijana wa mafundisho ya kusudi, maana mnalipia semina na kuandika "maono yangu" kwenye daftari jipya kila Januari. Isaya 43:7 imeshajibu: Mungu anasema ametuumba kwa ajili ya utukufu wake. Hakuna bahasha nyingine iliyofichwa mahali ikisubiri mtumishi aje kuifungua. Kilichobaki ni kumheshimu Mungu, na unamheshimu kwa kile ulichokishika leo. Someni Luka 3. Watoza ushuru walimwendea Yohana wakamuuliza, tufanye nini? Hakuwaambia waache kazi wakahubiri mataifa. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Basi. Mtu kabatizwa, karudi kwenye meza ile ile ya ushuru, ila sasa hesabu ni ya kweli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na kilicho mkononi mwako. Wa pili, acha kulipia unabii. Ulikuwepo na wa tatu, lakini nikiutazama naona ni ule wa kwanza tena, na wala sioni haya kuurudia. Kama wewe ni mwalimu, sahihisha madaftari. Kama ni fundi, rudisha kitambaa kilichobaki. Kama una mdogo wako nyumbani unamtumikisha kama punda huku unapost mistari ya upendo, anzia hapo hapo, na usiniambie unasubiri sauti.

Siku hizi duka langu lina mizani, na kila gunia nimeliandikia mchele umetoka wapi. Wa Mbarali unaitwa wa Mbarali. Mama lishe yule alirudi baada ya karibu mwaka, na ameniletea wenzake wanne. Nakiri najivunia, Mungu anisamehe kama nimezidisha. Siimbi tena mbele. Naimba nikichambua mchele, na jirani wa maharage anasema nazidi kuharibu sauti.

Yule binti ameniambia anafanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa kutuma na kutoa pesa. Sikumtumia mistari kumi. Nilimuuliza tu: "Mdogo wangu, jana mteja alipokosea akakupa hela ya ziada, ulifanyaje?"

Tiki mbili za bluu zipo tangu juzi. Hajajibu.