Jibu: God of War, uanze na ipi?

Mdogo wangu wa Iringa, umeuliza kama gemu za God of War uzianze na Ascension kwa kuwa hadithi yake ndiyo inayotangulia zote. Hapana, fuata mwaka wa kutoka. Ascension ni ya 2013 na inachukulia kwamba Kratos, mhusika mkuu wa gemu hizi, unamjua tayari. Ukianza nayo, siri kubwa ya gemu ya kwanza (2005) utaijua mapema mno, na ile siri ndiyo utamu wenyewe!

Umesema una PS2 (PlayStation 2) na simu tu. Zinatosha kabisa kuanzia. Ya kwanza na ya pili (2007) ni za PS2. Chains of Olympus (2008) na Ghost of Sparta (2010) ni za PSP, ile PlayStation ya mkononi, zicheze kwenye simu kwa programu ya PPSSPP inayoiga PSP. Ghost of Sparta usiiruke, tafadhali. Habari ya Deimos, mdogo wake Kratos, inauma sana.

Ila ya pili iache iwe ya mwisho kati ya hizo nne, maana inakatika vita ikianza, na ya tatu inaendelea palepale. Hiyo ya tatu inataka PS3 au PS4. Ukija huku Mbeya, ulizia vibanda vya gemu pale Mwanjelwa.

Ya 2018 na Ragnarök (2022) zisubiri. Bila kumjua Kratos wa Ugiriki, ukali wake kwa mwanawe Atreus hutauelewa.