Kinakwama wapi? Majibu kwa wasomaji wenye shida ya kumeza

Barua mbili za kwanza safari hii zinaeleza magonjwa mawili tofauti ya kumeza, ingawa yanafanana kwa mbali. Tumezijibu pamoja kwa makusudi, kwa sababu kinachomsaidia mgonjwa wa barua ya kwanza hakitamsaidia wa barua ya pili hata kidogo.

Shikamooni. Baba yangu ana miaka 67, alipata kiharusi miezi minne iliyopita. Ugali anakula taratibu, ila akinywa maji au chai anapaliwa mpaka machozi yanamtoka. Tumekuwa tukimpa maji asukumie tonge. Amekonda. Tunakosea wapi?
*Binti, Uyole*

Marahaba, binti. Mnakosea kwenye hayo maji ya kusukumia. Kiharusi huchelewesha misuli ya koo kufunga njia ya hewa. Tonge huteremka polepole, hivyo koo hupata nafasi ya kujifunga. Maji hukimbia na kufika kabla mlango haujafungwa, yakaingia kwenye mapafu. Ndiyo maana anapaliwa na maji na si ugali. Kibaya kuliko vyote ni kuchanganya kigumu na chepesi mdomoni: makande yenye mchuzi, supu yenye mapande, tonge na maji. Wakati anatafuna kigumu, chepesi kimeshateremka.

Kwa hiyo afanye kimoja kwanza, kingine baadaye, na vinywaji viwe vizito kidogo. Uji wa ulezi unatosha. Anzeni na vijiko 6 vya chakula vya unga kwa lita 1 ya maji, mkoroge unga kwa maji baridi kwanza, uchemke dakika 10 hadi 15, kisha mchuje mabonge. Kupima uzito wa uji, chukueni bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Toeni kisukumio, zibeni tundu kwa kidole, jazeni uji hadi 10, achieni kwa sekunde 10, zibeni tena. Zikibaki kati ya mililita 4 na 8, huo ni uji mzito kidogo, wa kuanzia mkisubiri kumpeleka kwa mtaalamu amtazame akimeza. Mabomba hayalingani urefu, hivyo tumieni aina moja kila siku. Pimeni uji ukiwa na joto lile atakalonywea, maana ukipoa huzidi kuwa mzito. Msizidishe pia: uji mzito mno hubaki kooni na kuteremka vibaya baadaye.

Mambo mawili huwaponyoka wengi. Unga wa kimea huyeyusha uji, basi kwake msitumie. Na mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga: kijiko kikitoka mdomoni na kurudi kikombeni mara nyingi, uji wa mwisho unakuwa maji tena. Mimineni kidogo kidogo kwenye kikombe kingine.

Akae kwenye kiti, si kitandani, nyayo zikiwa sakafuni, na mto ubavuni upande uliolegea. Anayemlisha naye akae. Ukisimama, atainua kidevu kukutazama, na kidevu kikiinuka njia ya hewa hufunguka. Kijiko cha chai kimoja kwa mara moja, upande wenye nguvu, na usiongeze mpaka umeona koromeo limepanda na kushuka. Wapo wanaosaidiwa na kuinamisha kidevu kidogo wakati wa kumeza, lakini si wote. Hilo mtaalamu ndiye aseme. Radio izimwe, maongezi yasubiri. Mkimaliza, angalieni shavu lililolegea, chakula hujificha humo. Abaki ameketi angalau dakika 30.

Mswaki mara mbili kwa siku, hata kama hana meno. Kinachoingia mapafuni kikiwa na uchafu wa kinywa ndicho huleta nimonia. Wengine hawakohoi kabisa kinapopita vibaya, kwa hiyo sikilizeni sauti: ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, acheni kulisha. Homa au kupumua haraka, hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kukonda: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina takriban kalori 120. Kikoroge ndani ya uji, au ponda parachichi la Rungwe na mtindi mzito. Ugali wa dona, unaonata kwenye kaakaa, mbadilishieni kwa viazi mviringo vilivyopondwa na maziwa. Na mhesabu vinywaji. Mgonjwa anayeogopa kupaliwa huacha kunywa kimyakimya, na mkojo wa rangi ya chai ndio utakaowaambia.

Mama yangu, miaka 58, alianza kukwamwa na nyama kifuani mwaka jana. Sasa hata ugali haupiti, anakunywa chai ya moto sana ili ufunguke. Jirani anasema ni kimeo, kikatwe. Je, tumpe uji mzito kama wagonjwa wa kiharusi?
*Msomaji, Makambako*

Hapana, na kimeo msikiguse. Kimeo kinaning'inia nyuma ya kinywa. Tatizo la mama liko chini, kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kifuani anapoonyesha kwa kidole. Kukikata huleta damu na vidonda, na wiki zinazopotea hapo ndizo alizozihitaji.

Kigumu kukwama kwanza, kisha laini, kisha hata maji, huku mwili ukipungua, ni dalili ya umio unaozidi kuwa mwembamba. Inaweza kuwa kovu la kiungulia cha muda mrefu, au misuli ya chini ya umio isiyolegea, na inaweza kuwa saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki inaonekana mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Hakuna anayeweza kutofautisha kwa kumtazama. Anahitaji kipimo cha kamera ya umio, na kinyama kidogo kichukuliwe kikapimwe. Ombeni rufaa wiki hii. Hospitali ya rufaa ya kanda kwa Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya mjini. Siku ya kipimo huenda bila kula kwa saa 6 au zaidi, na mwenye umio uliojaa chakula huambiwa afunge muda mrefu zaidi, kwa hiyo ulizeni mapema.

Kwa sasa apewe vya majimaji na laini: maziwa, uji mwepesi, mtindi, supu iliyochujwa, mara 6 kwa siku kidogo kidogo. Huyu maji hayamdhuru, yanamsaidia kusukuma. Chai ipoe. Vinywaji vya zaidi ya nyuzijoto 65 vimewekwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Na siku mate yenyewe yakishindwa kushuka, msisukume kwa tonge kubwa: ni dharura.

Naweza kusaga vidonge vyote nikachanganya kwenye uji?
*Mafinga*

Si vyote. Nifedipini, dawa ya presha, ile inayotoa dawa mwilini polepole, ikisagwa, dozi ya saa nyingi huingia kwa mkupuo na presha huanguka ghafla. Kapsuli ya omeprazoli, dawa ya kiungulia, hufunguliwa, chembe zake zikamezwa na mtindi bila kutafunwa. Mwulize mfamasia kwanza kama dawa hiyo ipo ya maji.

Mume wangu hataki tena kwenda misibani wala harusini, anaona aibu kukohoa mbele ya sinia. Nyumbani pia anakula peke yake jikoni.
*Mama, Iringa*

Pole, mama. Kula peke yake pia ni hatari: akikabwa hakuna wa kumpiga mgongoni mara 5, kisha kumbana tumbo mara 5. Mrudishe mezani kwa chakula kilekile cha nyumba, maharage na viazi vyenu, ila vyake viwe vimepondwa. Kila kitu kiwe fungu lake kwenye sahani. Usivipige pamoja vikawa rojo la kahawia ambalo hata mzima hawezi kulitamani. Mlo usizidi dakika 40. Uchovu ukiingia ndipo makosa huanza, basi vilivyobaki aviongeze baada ya saa mbili. Siku ya msiba ashibe nyumbani, aende na chupa yake ya uji, na mwenye shughuli aambiwe mapema. Akikaribishwa siniani, akae na wenzake azungumze. Hakuna atakayehesabu matonge.