Kalori za mazoezi: uzile ama uziache?

Dada, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu jibu limo ndani ya namba ulizoandika mwenyewe. Una miaka 34, kilo 78, kimo sentimita 163, na kazi yako ni ya ofisini. Unakimbia msitu wa Karura, hapa Nairobi, mara tatu kwa wiki, kilomita 6 kwa dakika 45 hivi. Saa inakuandikia kalori 620, programu ya simu inaziongeza kwenye chakula cha siku hiyo, nawe unazila. Wenzako wa kikundi wanasema kula, umezitolea jasho. Bwanako anasema ukizila utakuwa umekimbia bure. Mwezi umeisha na mizani imegoma.

Mimi naona usizile kwa sasa. Lakini sababu yangu si ya bwanako, maana mbio zako hazikwenda bure hata kidogo. Ni kwamba kalori hizo ulikuwa umeshapewa kabla hujafunga kamba za viatu.

Programu nyingi hutumia fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke: kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, halafu toa 161. Kwako inakuja kama 1,470. Hicho ndicho mwili wako unatumia ukilala kutwa nzima bila kuinua kidole. Halafu inazidishwa kulingana na maisha yako: 1.2 kwa mtu wa kukaa, 1.55 kwa mwenye shughuli za wastani. Wewe unasema ulichagua "wastani" kwa sababu unakimbia. Kwa hiyo programu ikaona unatumia 2,275 kwa siku, ikatoa 500 upungue nusu kilo kwa wiki, ikakupa 1,775.

Sasa tofauti ya 1.2 na 1.55 kwa mwili wako ni kalori 500 na kitu kila siku, hata Jumapili umekaa kanisani, hata siku ya mvua usipotoka. Kwa wiki ni zaidi ya 3,500. Mbio zako tatu, nitakuonyesha hapa chini, hazifiki 1,300. Yaani umelipwa zaidi ya ulichofanyia kazi, kisha saa inakuja kukulipa tena. Ni kama kudai posho ya safari ambayo tayari imo kwenye mshahara.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kula ama kutokula, mtu ajiulize bajeti yake imepigwaje. Ukichagua "mtu wa kukaa", mazoezi hayamo, na ndipo swali la kuyala lina maana. Ukichagua "wastani" au "mwenye shughuli nyingi", mazoezi yamo tayari. Kuchanganya mbili hizo ndiko kunakowakwamisha wengi ninaowajua, na hawa si wavivu. Ni watu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Turudi kwa ile 620. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 78 mara kilomita 6 ni 468. Mwendo wa kasi au wa pole haubadilishi sana, kinachobadilika ni muda. Toa zile hamsini hivi ambazo ungetumia dakika hizo 45 ukiwa kitandani, maana hizo zimeshahesabiwa kwenye ile 1,470. Zinabaki 415 au hapo karibu. Kutembea ni nusu ya hapo: kilo moja, kilomita moja, nusu kalori juu ya ile ya kupumzika. Mtu wa kilo 85 anayetembea kilomita 5 kutoka Industrial Area kurudi Eastlands amechoma kama 210. Si haba, ila si sahani ya pilau.

Saa imetoa wapi 200 za ziada? Inakisia, hasa kwa kusoma mapigo ya moyo, na moyo hupiga kwa sababu nyingi. Ukipanda kutoka mtoni kule Karura unadunda. Ukinywa kahawa unadunda. Usipolala vizuri unadunda. Mgeni aliyetoka Mombasa juzi akija kukimbia hapa kwetu mita 1,700 juu ya bahari, moyo utakwenda mbio kuliko ulivyozoea na saa itamwandikia kalori za kujaza gunia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kwa mapigo ya moyo vilifanya vizuri, sita kati ya saba vikikosea chini ya asilimia 5. Kwa kalori, kilicho bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu zaidi asilimia 93. Tangu hapo vifaa vimeboreshwa, lakini kazi ya kukisia ni ile ile. Yangu mimi hunihesabia hatua nikiwa nimesimama kwenye matatu Jogoo Road, nimeshikilia chuma.

Upande wa chakula ndio mbaya zaidi, na watu hawausemi. Nyumbani tuliwahi kuweka chupa ya mafuta kwenye mizani ya jikoni kabla ya kupika chapati na baada ya kumaliza. Unga kilo moja, chapati kumi na tano, mafuta yaliyotumika gramu 180, ya kukandia na ya kukaangia. Unga ni kama kalori 3,500, mafuta gramu moja ni kalori 9. Gawanya: chapati moja kama 340, na zaidi ya mia katika hizo ni mafuta matupu. Kisha nikafungua programu nikaandika "chapati". Ikaniletea 120. Hiyo ni ile ya Kihindi, nyembamba, kavu, isiyofika gramu 50. Ukila mbili za kibandani na madondo, yaani maharagwe, umekosea zaidi ya kalori 400 kabla ya kufika kwenye madondo yenyewe, na mama wa kibanda hajakudanganya chochote. Kwa vyakula vyetu tafuta majedwali ya lishe ya Kenya ya 2018, yale ya Serikali pamoja na FAO, yako bure mtandaoni. Yana chakula tunachokijua.

Basi unaona hesabu ilivyo. Saa inakosea kwenda juu, chapati inakosea kwenda chini, na nafasi yako ya kupungua imebanwa katikati. Kwa makadirio yangu mwili wako unatumia kama 1,940 kwa siku, mbio zikiwamo. Wewe unakula 1,775, na 620 mara tatu kwa wiki, ambayo ni wastani wa 2,040. Hiyo ni kama umepima kila kijiko. Mizani ingesonga vipi?

Kuna jambo jingine la kukufanya usizile zote hata saa ingekuwa sahihi. Mwili hufidia. Ukikimbia asubuhi, mchana unapanda lifti badala ya ngazi, jioni unajilaza kwenye kochi bila kujua. Herman Pontzer na wenzake walipima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wakachapisha mwaka 2012. Hao ni watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, wanatembea kutwa. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, kalori walizotumia kwa siku hazikutofautiana na za Wamarekani na Wazungu wa ofisini. Wataalamu bado wanavutana kuhusu kiasi cha ufidiaji huo, na simaanishi mazoezi hayana kazi. Namaanisha 415 za asubuhi huenda zisibaki 415 ikifika usiku.

Fanya hivi. Nenda kwenye programu uchague "mtu wa kukaa", jiwekee 1,500, usiongeze chochote siku za kilomita 6. Ukilinganisha na ile 1,940, ambayo mbio zimo tayari, unakuwa pungufu kama 440 kwa siku, karibu gramu 400 kwa wiki. Jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, na ulinganishe wastani wa wiki na wa wiki nyingine, si siku na siku. Maji ya mwili ya kabla ya hedhi yanaweza kukuficha matokeo, kwa hiyo subiri wiki nne nzima. Ukishuka zaidi ya gramu 700 kwa wiki, ongeza 150. Hapo hakuna haja ya saa, mwili umeshakujibu.

Mbio ndefu ni jambo jingine. Mimi nimetoka kilo 96 hadi 81, na kila mwaka najiandalia kilomita 21 za Nairobi Marathon. Siku ya kilomita 18 natumia zaidi ya 1,400, na siku hiyo nala karibu nusu yake: uji kabla, ndizi njiani, viazi vitamu na mayai baadaye. Sifanyi hivyo kwa kujipongeza. Nisipokula, njaa hainipati siku ile, hunipata kesho yake saa kumi jioni nikiwa kwenye stage nasubiri matatu, na pale stage kuna soseji za smokie, kuna mutura, kuna kila kitu isipokuwa sukuma. Nusu iliyopangwa ni nafuu kuliko kile kitakachotokea pale. Ukifika huko kwa mazoezi, zile za kilomita 6 bado usizile, za siku ndefu kula.

Na hapa nimpinge bwanako wazi. Mwanamke anayekimbia sana huku anakula kidogo sana anaweza kukosa hedhi, mifupa ikadhoofika, akavunjika mfupa wa mguu kwa mbio tu. Wataalamu wa michezo ya Olimpiki wamelipa hali hii jina na kuiandikia mwongozo tangu 2014. Kwa 1,500 na kilomita 18 kwa wiki hauko huko, lakini hedhi ikipotea usikimbilie kusema ni stress. Kula zaidi, punguza mbio, muone daktari.

Kuhusu kikundi, sikwambii uwaache. Ila ile kawaida ya kumaliza mbio na kukaa kwa chai ya maziwa, mandazi mawili na soseji, hiyo peke yake inarudisha mbio zote na kuomba nyingine. Soda ya nusu lita tu ni kama kalori 210, nusu ya ulichochoma. Kaa nao, kunywa chai, kifungua kinywa kiwe kile kile ulichopanga.

Ulimaliza kwa kuuliza kama uiuze saa. Usiiuze. Inapima umbali, muda na mapigo vizuri, na utahitaji hayo ukitaka kuongeza kasi. Ingia tu kwenye mipangilio ya programu uikate isilete kalori za mazoezi. Kwenye programu nyingi ni kitufe kimoja.