Miezi kumi na nne ya kufungwa na Mzee: kwako unayetaka kuanza raketiboli

Jumamosi iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, nilimfunga Mzee, yule anayenifundisha raketiboli. 15 kwa 13. Naziandika tarakimu hizo kwa fahari na sioni haya, maana zimenichukua miezi kumi na nne.

Niliweka picha mtandaoni, mimi na raketi na fulana imelowa. Jioni yake dada mmoja anayeishi Iowa, huku huku Marekani, akaniandikia: "Kaka, huo mchezo gani? Mimi nina miaka 38, sijawahi kucheza chochote tangu shule ya msingi. Naweza kuanza?" Dada yangu, unaweza. Nilitaka nikujibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi.

Ni hivi. Raketiboli inachezwa ndani ya chumba kilichofungwa kote, upana futi 20, urefu futi 40, dari futi 20 juu. Kuta zote zinachezwa, hata dari. Mpira ni wa raba, wazi ndani, unaenea kiganjani. Raketi ni fupi, haizidi inchi 22, na ina kamba ya kuvaa mkononi. Ukipiga, mpira uguse ukuta wa mbele kabla ya kugusa sakafu. Mwenzako aurudishe kabla haujadunda mara ya pili. Akishindwa, umemshinda safari hiyo. Aliyeubuni ni Joe Sobek, mwaka 1950, kwenye kituo cha YMCA, jumuiya ya vijana yenye kumbi za mazoezi, mjini Greenwich, Connecticut, katika vyumba vilivyokuwa tayari vya mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa mkono. Alitaka mchezo wa kasi ambao mtu hahitaji miaka kuuelewa. Hayo kanisimulia Mzee, akiwa amekaa sakafuni anafunga kamba za viatu.

Mimi nimekulia Tanga. Michezo yangu ilikuwa chandimu mtaani na kuwachungulia dada zangu wakicheza rede. Raketi nilikuwa naiona kwenye televisheni tu. Nilipofika Columbus, Ohio, nikapata kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo, na baridi ya kwanza ikanikuta sina mtu. Natoka kazini saa kumi na moja alfajiri, nje theluji, nyumbani kimya. Nikajiandikisha jimu ili nipate mahali penye taa na watu. Kule nyuma, kupita mashine za kukimbilia, kulikuwa na vyumba viwili vyenye ukuta wa kioo, na kutoka kimoja wapo nikasikia: pa! pa! pa! Mzee mmoja wa zaidi ya miaka sabini alikuwa anapiga mpira peke yake. Akanionyesha kwa kidole, niingie.

Siku hiyo alinifunga 15 kwa 0, halafu 15 kwa 1. Ile moja naamini alinipa.

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia maishani. Mpira ukienda kushoto, nami kushoto. Ukigonga kona, unarudi kulia, nami ndiyo kwanza nimefika kushoto. Yeye alikuwa amesimama katikati ya chumba, nyuma kidogo ya mstari wa kati, anapiga hatua mbili, anapiga mpira, anarudi palepale. Fulana yake ilikuwa kavu. Tulipomaliza akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Wewe unaufukuza mpira. Mimi naungoja."

Dada, ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na wa pili ni huohuo. Ungoje mpira. Chumba kimefungwa, hauna pa kwenda. Ukikupita, utagonga ukuta wa nyuma na kukurudia. Ukiwa juu, utashuka. Anayeanza anaupiga ukiwa usawa wa bega kwa sababu ana hofu. Uache ushuke hadi usawa wa goti. Ukishapiga, usisimame kuutazama, rudi katikati. Mimi ilinichukua miezi mitano kuamini jambo ambalo lilisemwa kwa sekunde tano.

Sasa niseme la uchungu. Mwezi wangu wa pili wa kucheza, ndugu yetu mmoja wa huku huku, mtu tuliyekula naye futari sahani moja, alikuja jimu, akasimama nyuma ya kile kioo na simu yake. Sikumwona. Kufika nyumbani nakuta video kwenye kundi letu la Waswahili wa hapa mjini: mimi nakimbia, naukosa mpira, nagonga ukuta kwa bega, nageuka, naukosa tena. Akaandika chini yake, "Mchezaji wa timu ya taifa ya kugonga kuta." Watu wakacheka. Watu wazima, watu wenye watoto. Mmoja akauliza kama nimesahau nilikotoka, nacheza michezo ya wazee wa Kizungu.

Wiki tatu sikukanyaga jimu. Nilikuwa natoka kazini, nalala na nguo za kazi. Wiki ya nne nilikwenda ili nifute uanachama. Dada wa mapokezi akainama chini ya meza, akatoa raketi ile Mzee aliyokuwa akiniazima. Imefungwa kikaratasi kwa rababendi, kina jina langu limekosewa herufi, na chini yake neno moja: "Jumanne". Sikufuta uanachama. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni, na Mzee hakuniuliza nilikuwa wapi.

Wenzangu tulio ugenini, hili nalisema kwa nia njema ila nalisema. Tunavunjana moyo kwa mizaha. Mtu akianza kujifunza kuogelea, kuendesha baiskeli, kusoma kozi mpya, wa kwanza kumcheka ni sisi tunaozungumza naye lugha moja. Kama huwezi kumsaidia anayeanza, weka simu mfukoni. Yule ndugu nimemsamehe, tunasalimiana. Video ile sijaifuta kwenye simu yangu. Siku nikichoka huwa naifungua.

Nirudi kwenye mchezo, maana kuna jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimekudanganya. Miwani. Miwani ya kinga, yenye lenzi ngumu, inayokaza kichwani. Mimi yangu ilikuwa inajaa mvuke, na asubuhi moja nikaivua nikaitupa kona, Mzee akiwa amegeuka kuchukua maji. Katikati ya mchezo nikageuza uso mzima kutazama anapigaje kule nyuma yangu. Mpira ukanipiga chini ya jicho la kulia. Sikuona chochote isipokuwa weupe. Nilipopapasa, mfupa wa shavu ulikuwa umeanza kuvimba, na kati ya pale ulipogonga na jicho lenyewe palikuwa na upana wa kidole kimoja. Mzee aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono inamtetemeka. Alisema hatacheza tena siku hiyo, na hakucheza. Mashindano mengi rasmi miwani ni lazima, na sababu ni hiyo. Mpira ule unaweza kuliumiza jicho vibaya. Ukikupiga pajani, unaacha duara jekundu la ukubwa wa mdomo wa finjani ya kahawa, na baada ya siku mbili linageuka zambarau, hilo utalizoea. Jicho halizoeleki. Kamba ya raketi nayo ivae kila mara, jasho likiteleza raketi inaruka kama panga. Na ukiona mwenzako yuko karibu na mkono wako, simamisha mkono. Pointi inarudiwa, hakuna aliyepoteza. Mimi nikimwona mtu anamuuliza mgeni "unataka kucheza?" bila kumpa miwani, namsemesha, awe nani awe nani.

Namna ya kuanzisha mpira usijisumbue nayo sana. Unasimama kati ya ile mistari miwili iliyochorwa sakafuni, unaudundisha mara moja, unapiga. Uguse ukuta wa mbele kwanza, kisha uanguke nyuma ya mstari wa kati, bila kupitia dari wala ukuta wa nyuma. Makosa mengi ya kuanzisha yanakupa nafasi ya pili. Wengi wanaanza kwa kupiga kwa nguvu zote kama wanaona kwenye video. Mimi napiga polepole, juu, kwenye kona ya nyuma kushoto, kwa kuwa mtu wa mkono wa kulia upande ule anajikunja. Na ukibanwa, piga dari. Lenga karibu na ukuta wa mbele: mpira unagonga dari, unagonga ukuta, unadunda juu na kumpeleka mpinzani nyuma kabisa. Wakati anauhangaikia, wewe unarudi katikati, unapumua. Mpira wa dari umeniokoa mara nyingi kuliko mkwaju wowote. Lakini hata huo ni uleule ushauri wa kungoja.

Raketi usinunue ya gharama. Yangu niliichukua mitumba, ikabadilishwa kishikio.

Jumamosi basi. Sisi tunahesabu kwa mtindo wa zamani: anayeanzisha tu ndiye anayepata pointi, mpaka 15. Tulikuwa 13 kwa 13, zamu ya kuanzisha ni yangu. Nikaupeleka kwenye ile kona yake ya kushoto, akaugonga kwa fremu. 14. Pointi iliyofuata ilikuwa ndefu, sikuhesabu. Akanipiga mpira mkali ukanipita kulia. Mwaka jana ningejirusha. Safari hii nikageuka, nikakimbia nao, nikauacha. Ukagonga ukuta wa nyuma, ukarudi, nikawa natembea nao pembeni ukishuka, kiuno, paja, goti, ndipo nikapiga. Ulipata ukuta wa mbele shubiri moja kutoka sakafuni, ukarudi unatambaa. Mzee hakusogea. Alitazama ule mpira ukija hadi ukagusa kiatu chake.

Akavua miwani, akanipa mkono. Akasema, "Umengoja."

Mchezo wa pili alinifunga 15 kwa 6. Wa tatu hatukucheza, goti lake lilikuwa linamsumbua, tukakaa nje ya kioo tukinywa kahawa ya kwenye mashine. Jana kanitumia ujumbe: goti limepoa, Jumamosi analeta mkebe mpya wa mipira.

Na wewe dada wa Iowa, ukipata chumba niandikie. Miwani yangu ile ya kwanza, iliyokuwa inashika mvuke, bado ninayo. Nimejifunza kuifuta kwa sabuni kidogo kabla ya kuingia, haishiki tena. Nitakutumia kwa posta.