Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujalipia Kozi ya Mseto

Mwezi huu maswali mengi yanahusu kozi zinazosomwa nusu mtandaoni, nusu darasani. Tumechukua manne.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nansio, Ukerewe. Nimepata nafasi ya stashahada, chuo kiko Mwanza mjini. Nina simu janja tu. Itatosha? Na bando litaenda kiasi gani?

Mwalimu, simu inatosha kusikiliza vipindi, kusoma vitini na kuchangia mijadala. Itaanza kukutesa kwenye kuandika: kazi ya kurasa 10 yenye majedwali na orodha ya marejeo haiandikiki vizuri kwa kidole gumba. Si lazima ununue kompyuta leo, ila uwe na uhakika wa moja utakayoipata angalau mara mbili kwa wiki, ya shuleni au ya steshenari. Ukitumia ya steshenari, jitumie kazi kwa barua pepe, kisha toka kabisa kwenye akaunti. Flashi inayochomekwa kila mashine hurudi na virusi.

Bando tulipigie hesabu. Tuseme una vipindi viwili vya moja kwa moja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Video ya darasa zima hula kama GB 1 kwa saa, kwa hiyo wiki ni GB 3, na muhula wa wiki 15 ni GB 45. Sauti na slaidi peke yake kwa kawaida hazifiki MB 100 kwa saa. Wiki nzima haivuki MB 300. Wengi huzima kamera zao wakadhani wameokoa, kumbe sura za wenzao zinaendelea kumiminika. Ingia kwenye mipangilio uzuie video zinazoingia. Kipindi kilichorekodiwa kitazame kwa 360p (ubora wa chini wa picha), na zima masasisho ya programu yanayojiendesha yenyewe. Hayo hunyonya bando usiku umelala.

Lakini kwako wewe bando ni dogo. Kubwa ni ratiba. Kabla ya kulipa, dai tarehe kamili za siku za ana kwa ana, maana mara nyingi ndizo siku za vitendo na mitihani, nazo zinaweza kuangukia katikati ya muhula wako wa kufundisha. Mwombe msajili barua yenye tarehe hizo, uiambatanishe na ombi la ruhusa kwa mwajiri. Na usipange kuvuka ziwa asubuhi ya mtihani. Upepo ukichachamaa, hakuna mhadhiri atakayesogeza saa. Vuka jana yake, ukalale mjini.

Nilipandisha kazi Alhamisi jioni, mfumo unasema sijawasilisha. Mwenzangu naye alikosa kabisa kwa sababu mwisho ulikuwa “Ijumaa 00:00”. Tumekosea wapi? — Nyegezi

Wewe umeishia kwenye rasimu. Katika Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, kuhifadhi faili na kuwasilisha vinaweza kuwa hatua mbili: baada ya kuhifadhi, kunakuwa na kitufe cha pili cha kuwasilisha. Usiondoke mpaka hali ya kazi isome kwamba imewasilishwa, kisha piga picha ya skrini.

Mwenzako amenaswa na saa. 00:00 ya Ijumaa ni saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa: siku inapoanza tu, mlango umefungwa. (Mhadhiri mwenye huruma huweka 23:59.) Kubadili saa za mfumo kuwa zetu, toa 6, jibu likifika 13 au zaidi, toa 12 tena; saa za kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6 badala ya kutoa. Hivyo 14:00 ni saa 8 mchana, na 23:59 ni saa 5:59 usiku. Angalia pia wasifu wako: majira ya saa yawe ya Dar es Salaam. Yakibaki ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kipindi cha saa 2 usiku kitaonyeshwa saa 11 jioni, nawe utakaa peke yako mtandaoni saa tatu nzima.

Kwa kazi za mkono, usipandishe picha tupu. Kurasa 10 za MB 4 kila moja ni MB 40, zinaweza kugonga kikomo kinachoandikwa kwenye ukurasa wa kupandishia. Tumia programu ya kuskani ili kurasa zote ziwe PDF moja nyepesi.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio la mtandaoni? — Sengerema

Saa inahesabiwa kwenye seva (kompyuta kuu ya mfumo), haikungojei. Majibu kwa kawaida huhifadhiwa kila baada ya dakika moja hivi na kila unapobadili ukurasa, kwa hiyo washa data ya simu, ingia upya, chagua kuendelea na jaribio lilelile. Usifungue jaribio kwenye vifaa viwili kwa pamoja. Majibu ya kimoja yanaweza kufuta ya kingine. Ukishindwa kurudi, mwandikie mhadhiri papo hapo, si kesho, ukitaja saa na swali ulilofikia.

Nitajuaje kozi ya mtandaoni inatambuliwa? — Magu

Shahada iulizie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), astashahada na stashahada NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi). Ulizia programu yenyewe kwa jina lake kamili, si jina la chuo pekee, kwani chuo kilichosajiliwa kinaweza kutangaza kozi ambayo bado haijaidhinishwa.