Mkeka mpya wa yoga unanuka tairi

SWALI: Nimenunua mkeka wa yoga wa mpira asilia, unene milimita 5. Kila nikiinama, harufu kama ya tairi jipya inanijaa puani mpaka kichwa kinauma. Nimeuanika juani siku mbili. Harufu imepungua kidogo, ila upande uliotazama jua umepauka na unaanza kukakamaa. Jirani ananiambia niuoshe kwa jiki. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Utoe juani leo hii, na jiki usiiguse kabisa. Vyote viwili hula mpira: kwanza hupauka, kisha hukakamaa, mwisho hupasuka nyufa.

Mpira asilia ni utomvu unaogemwa mtini, kama ule wa mashamba ya huko kwenu Muheza. Ukiwa mbichi hunata kwenye joto, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na salfa pamoja na kemikali za kuharakisha kazi, kisha hupikwa. Mabaki ya vitu hivyo ndiyo yanayonuka. Mkeka nao huviringishwa ukiwa mpya na kufungwa kwenye nailoni, mvuke ukakosa pa kutokea. Harufu imo ndani ya mpira wenyewe, kwa hiyo kuosha huondoa ya juu tu. Iliyobaki hutolewa na upepo na siku.

Osha mara moja tu. Changanya lita 1 ya maji, kikombe kimoja cha siki nyeupe (mililita 250) na matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo. Jaribu kwanza kwenye pembe moja, na usome maelekezo ya mkeka, maana baadhi ya watengenezaji hawataki siki. Chovya kitambaa laini, kikamue, pangusa pande zote mbili, halafu rudia kwa maji matupu. Usiuloweke wala kuutia kwenye mashine ya kufulia. Mikeka mingi ya mpira ina vitundu vidogo vinavyokunywa maji, na kwa unyevu wa pwani hukauka polepole mno. Ukipata ukungu, utaitamani harufu ya tairi.

Ukimaliza, ulaze juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja, kandamiza kwa magoti, kisha fungua. Uanike barazani, kivulini, penye upepo, juu ya migongo ya viti viwili. Kamba ya nguo ni nyembamba, itaacha mkunjo usiotoka. Geuza asubuhi na jioni. Usiku uweke ndani mbele ya feni. Usiuviringishe hata siku moja katika kipindi hiki, kwani hapo ndipo wengi hurudi mwanzo. Kwa kawaida nafuu huonekana baada ya siku tatu nne, na wiki moja hadi mbili hutosha kwa unene wa wako.

Bekingi soda husaidia kidogo: nyunyiza vijiko vitatu vya chakula mkeka ukiwa mkavu kabisa, iache usiku kucha, asubuhi ipanguse. Usitumie magadi, ni makali zaidi. Wala usiichanganye na siki, kwa sababu huuana nguvu. Mafuta ya kunukia, hata ya karafuu, huvimbisha mpira na kuulainisha. Udi fukizia chumba, mkeka uache.

Kwa sasa fanya mazoezi madirisha yakiwa wazi. Kwa mikao ya kulala tandika leso juu ya mkeka. Ukisimama iondoe, itakutelezesha. Ngozi ikiwasha au kutoka vipele, acha kuutumia na umwone daktari, huenda una mzio wa mpira.

Upande uliokakamaa hautarudi ulivyokuwa. Ufanye wa chini, ujizoeze juu ya ule mzima, na ukianza kumeguka vipande vidogo, mkeka huo umekwisha.